Dalili za Kwanza za Mimba Zisidhaniwe Kuwa Malaria

Mkulima wa bonde la Lambwe akipandisha ng'ombe wake, iwe kwa fahali au kwa sindano ya Bwana Mifugo, huandika tarehe. Wengine huiandika katika daftari, wengine huiandika kwa makaa nyuma ya mlango wa ghala. Siku ya 21 ikifika humwangalia ng'ombe yule asubuhi na jioni. Akiona hataki dume tena, hutumaini kwamba ameshika mimba, naye huhesabu miezi tisa na siku chache, akajua ni lini aache kumkamua na lini amtayarishie mahali pa kuzalia.

Katika boma hilo hilo mke wa mkulima amepitisha majuma mawili bila kuona hedhi yake, na hakuna aliyeandika kitu. Anaamka amechoka kama aliyelima usiku kucha. Harufu ya omena, ambayo jana ilikuwa tamu kwake, leo inamtoa nje mbio. Kichwa kinamuuma. Watu wa nyumbani wanamtazama na kusema, "Hiyo ni malaria." Mtoto anatumwa dukani kununua dawa, mama anameza, kisha anarudi shambani kupalilia. Mke si ng'ombe, wala hatusemi hivyo. Lakini tarehe ni tarehe, na mama huyu angekuwa nayo ukutani angejua la kufanya.

Jambo hili lina uzito zaidi katika kaunti za Migori na Homa Bay kuliko mahali pengine pengi pa Kenya. Nchi hizi za kando ya ziwa zina malaria mwaka mzima, na mvua za masika zikishanyesha mbu huongezeka. Mashamba ya kumwagiliwa maji, kama yale ya Kimira-Oluch katika Homa Bay na Kuja ya Chini huko Nyatike, yameleta mpunga na fedha, nayo maji yaliyotuama huleta mbu. Kwa hiyo kila mtu hapa huijua malaria, na kila uchovu huitwa malaria. Hapo ndipo hatari ilipo. Mimba changa na malaria zina dalili zinazofanana sana, tena zote mbili zaweza kuwa katika mwili mmoja kwa wakati mmoja.

DALILI ZENYEWE

Dalili ya kwanza ambayo mama wengi huiona ni kukosa hedhi. Mwanamke ambaye siku zake huja kwa mpango, kila baada ya siku 28 au karibu na hapo, akipitisha juma moja bila kuziona, yafaa afikiri habari ya mimba kabla ya jambo jingine lo lote. Matone machache ya damu karibu na siku zile hayaonyeshi kwamba hakuna mimba. Wako wanaoona matone kidogo wakasema, "Nimeshaona," kumbe mimba imekwisha ingia.

Maziwa huvimba na kuuma yakiguswa, na weusi unaozunguka chuchu huzidi. Mama huenda haja ndogo mara kwa mara, hata usiku. Huchoka bila kazi. Karibu na juma la sita, tukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, huanza kichefuchefu na kutapika. Watu husema ni ugonjwa wa asubuhi, lakini kwa wengi huja wakati wo wote wa siku. Wengine huchukia chakula walichokipenda na kutamani kingine. Kwetu hapa wengi hutamani odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni, na wako mama ambao jirani hujua habari zao kwa kuona kipande cha odowa mkononi tu. Tutarudi kwenye odowa baadaye.

Sasa tazama dalili za malaria: uchovu, kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, kukosa hamu ya chakula. Ni zile zile. Tofauti iliyo kubwa ni homa. Mimba yenyewe haileti homa kali, wala haimfanyi mtu atetemeke kwa baridi wakati wa jua, wala haiumizi viungo vyote. Mama mwenye mambo hayo apimwe malaria siku hiyo hiyo. Hata hivyo kukosa homa si hakikisho. Watu waliokulia katika nchi ya malaria mara nyingi huwa na vijidudu katika damu bila homa yo yote, na kwa mama mja mzito vijidudu hivyo hujificha katika kondo la nyuma, mahali ambapo mtoto hupata chakula chake. Mama hupungukiwa damu polepole, naye mtoto huzaliwa mdogo na dhaifu.

Wakulima wa tumbaku katika Kuria na sehemu nyingine za Migori wana jambo la tatu la kuangalia. Majani mabichi ya tumbaku yenye umande hutoa sumu yake, nikotini, ikapita katika ngozi ya mikono, na mchumaji hupatwa na kizunguzungu na kutapika. Ugonjwa huo huisha kwa siku moja au mbili akikaa mbali na majani. Kutapika kunakoendelea juma zima baada ya kuacha kuchuma si kwa tumbaku. Na mama anayedhani kwamba ana mimba asichume tumbaku hata kidogo. Ampe kazi hiyo mtu mwingine.

Yako mambo mengine yanayozuia hedhi bila mimba. Sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu huwafanya wengi wasione siku zao. Njaa, huzuni na ugonjwa wa muda mrefu huweza kufanya hivyo pia. Mama anayenyonyesha huenda asione siku zake kwa miezi mingi, lakini asijidanganye, kwa maana mimba yaweza kuingia kabla hedhi ya kwanza haijarudi. Mama wa namna hiyo hana tarehe ya kuhesabu, kwa hiyo akiona dalili zile nyingine apimwe tu.

KIPIMO CHA MKOJO

Siku hizi kupima mimba ni kazi ya dakika chache. Kijiti cha kupimia hupatikana katika zahanati na katika maduka ya dawa. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio mzuri, kwa sababu haujachanganyika na maji mengi. Soma karatasi yake, uchovye kijiti hadi alama iliyowekwa, ungoje dakika zilizoandikwa. Mistari miwili ni mimba, hata kama mmoja umefifia. Mstari mmoja kwenye alama ya ukaguzi maana yake kipimo hakikuona mimba. Pasipo mstari wo wote, kijiti kimeharibika, nacho kitupwe. Usiuokote kijiti jioni ukakisoma tena, kwa maana kikikaa muda mrefu chaweza kuonyesha kivuli cha mstari kisicho na maana. Aliyepima mapema mno akaona mstari mmoja, na siku zake bado haziji, apime tena baada ya juma moja.

Wakulima watapenda kujua kwamba kipimo cha mkojo kina historia ndefu, nayo ilianza kwa nafaka. Wamisri wa kale, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walimwambia mwanamke amwagie mkojo wake shayiri na ngano kila siku. Zikiota, ana mimba. Walisema pia kwamba moja ikiota kwanza atazaa mvulana, na nyingine ikiota kwanza atazaa msichana. Mwaka 1963 wataalamu walijaribu jambo hilo tena, wakaona kwamba mkojo wa wajawazito uliotesha nafaka karibu mara 7 katika kila 10. Habari ya mvulana na msichana haikuwa na ukweli wo wote. Kisha katika miaka ya 1930 alipatikana mfanyakazi mwingine, chura wa Afrika Kusini. Mkojo wa mwanamke ulidungwa katika chura jike, na kama mwanamke alikuwa na mimba chura alitaga mayai kabla ya siku moja kwisha. Vyura hao walipelekwa hospitali za Ulaya na Marekani kwa maelfu mpaka miaka ya 1960. Kijiti cha leo kinatafuta kitu kile kile kilichomfanya chura atage, yaani homoni inayotengenezwa na mimba changa.

KWA NINI TUHARAKISHE

Tuchukue mfano. Mama ameona siku zake mara ya mwisho kuanzia tarehe 5 Machi, wakati watu wanaandaa mashamba kwa mvua kubwa. Hedhi nyingine ilitazamiwa karibu na tarehe 2 Aprili, wala haikuja. Katikati ya Aprili kichefuchefu kinaanza, na mahindi yanataka palizi. Kazi ni nyingi, na mama anasema atakwenda kliniki mambo yakipungua. Wengi katika nchi hii hungoja mpaka mtoto acheze tumboni, ili wawe na hakika. Kwa mama huyu, hasa kama ni mimba ya kwanza, hiyo itakuwa Julai.

Lakini tazama alichokosa. Juma la 12 lilitimia tarehe 28 Mei, na kabla ya siku hiyo alipaswa kuwa ameonana na mwuguzi mara ya kwanza. Hilo ndilo shauri la Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016, pamoja na kwamba mama aonwe mara nane hivi mpaka kuzaa. Juma la 13 lilitimia tarehe 4 Juni, na kuanzia hapo mama wa kaunti za malaria, Migori na Homa Bay zikiwamo, hupewa vidonge vitatu vya SP, ambavyo wazee bado huviita Fansidar. Humezwa kliniki mbele ya mwuguzi, kisha hurudiwa kila baada ya mwezi mmoja au zaidi mpaka karibu na kuzaa. Vidonge hivyo husafisha vijidudu vilivyojificha katika kondo la nyuma, hata kama mama hana homa. Mama aliyengoja mtoto acheze amepoteza dozi moja au mbili katika miezi ile ile ambayo mbu ni wengi.

SP haitolewi kabla ya juma la 13. Kwa hiyo asiyejua tarehe yake humtia mwuguzi katika shida: je, ni juma la 10 au la 15? Na mama anayekunywa Septrin kila siku kwa sababu anaishi na virusi vya UKIMWI hapewi SP, kwa kuwa dawa hizo mbili hazifai pamoja, na Septrin yenyewe humkinga. Amweleze mwuguzi bila kuficha.

Sasa turudi kwa yule mtoto aliyetumwa dukani. Siyo kila dawa ya malaria yafaa kwa mimba changa. Kwa miaka mingi dawa ya miezi mitatu ya kwanza ilikuwa kwinini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali dawa mseto ya AL itumike katika miezi hiyo pia kwa malaria isiyo kali. Lakini ziko dawa nyingine, kama primakwini na doksisaiklini, ambazo mjamzito hapewi. Mwenye duka hawezi kujua usipomwambia, na mtoto uliyemtuma hawezi kumwambia. Kwa hiyo kila mwanamke aliyepitisha siku zake, anapokwenda kutibiwa ugonjwa wo wote, aseme neno hili kwanza: "Nimekosa hedhi." Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako naye aambiwe, atakuonyesha njia ya kituoni. Hapo mama apimwe vyote viwili, damu kwa malaria na mkojo kwa mimba. Kupatikana na kimoja hakuondoi kingine.

SIRI NA HESHIMA

Twajua kwamba watu wengi hapa hawapendi kutangaza mimba changa. Wazee walifundisha kwamba jicho baya laweza kuiharibu, na msichana aliyeolewa juzi huona haya kumwambia mama mkwe. Hatuna ugomvi na desturi hiyo. Mimba si habari ya soko. Lakini mwuguzi si soko. Mama aweza kwenda kliniki akiwa amefunga kitenge kama kawaida yake, akahudumiwa, na jirani wasijue mpaka tumbo lenyewe liseme. Nyamrerwa naye, anayeaminiwa katika vijiji vingi vya Wajaluo, atafanya kazi njema akimsindikiza mama kituoni mapema badala ya kumkanda tumbo nyumbani.

Katika siku ile ya kwanza mama hupimwa damu, shinikizo la damu na mkojo, na hupimwa kaswende na virusi vya UKIMWI. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye virusi hivyo kwa wingi katika Kenya, kwa hiyo jambo hili halifai kuruka. Mama anayejulikana mapema na kuanza dawa mapema ana nafasi kubwa sana ya kuzaa mtoto asiye na virusi. Mume afuatane naye apimwe pia. Kumpeleka mke mlangoni kwa pikipiki na kungojea nje chini ya mti si kufuatana.

CHAKULA NA KAZI ZA SHAMBA

Mama atapewa vidonge vya chuma na foliki asidi. Avimeze kila siku, lakini si pamoja na chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Choo kikiwa cheusi asiogope. Ni chuma hicho. Foliki asidi hufanya kazi yake kubwa katika majuma ya kwanza kabisa, uti wa mgongo wa mtoto unapofungika, na kwa sababu hii anayetaka kuzaa yafaa aanze kuimeza hata kabla ya mimba.

Odowa haina faida hiyo. Mwili uliopungukiwa chuma mara nyingi hutamani udongo, lakini udongo hauuponyi. Huzuia chuma cha chakula, na waweza kuleta minyoo. Hamu ya odowa ikizidi, ichukuliwe kuwa sababu ya kupimwa damu. Fedha ya odowa inunue omena. Osuga, dek na apoth zi karibu na nyumba. Maharagwe ni mazuri, na wakulima wa Migori wana bahati, kwa kuwa tangu mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali yamewasaidia walioacha tumbaku kupanda maharagwe ya aina yenye chuma nyingi. Yasiuzwe yote. Gunia moja libaki kwa ajili ya nyumba.

Mama aweza kuendelea na kazi nyepesi, lakini asipulizie mahindi au nyanya dawa ya wadudu, wala asichanganye dawa hiyo, wala asifue nguo za aliyepulizia. Mbuzi au ng'ombe akitupa mimba, mama asiguse kitoto wala kondo lake; mume afanye kazi hiyo akiwa na glavu, na Bwana Mifugo aitwe. Maradhi ya kutupa mimba kwa mifugo huweza kumpata binadamu, na hupita hata katika maziwa yasiyochemshwa.

DALILI ZISIZONGOJA

Mama aliyekosa hedhi akapatwa na maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, au damu nyingi, au akazimia, apelekwe hospitali mara moja, mchana au usiku. Huenda mimba imekaa nje ya mji wa mimba, na ikipasuka damu humwagika ndani bila kuonekana. Hivyo pia mama mwenye homa kali, au anayetapika hata maji hayakai. Asiambiwe alale kwanza aone asubuhi itakuwaje. Hospitali kubwa za kaunti ziko Migori na Homa Bay mjini, na mume mwenye busara huwa na namba ya mwenye gari kabla haijahitajika.

Kuhesabu siku ya kuzaa si vigumu. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza miezi 9 na siku 7. Mama yetu wa tarehe 5 Machi atazamie mtoto karibu na tarehe 12 Desemba, majuma mawili mbele au nyuma. Kalenda ile ya duka la mbegu iliyotundikwa sebuleni yatosha kwa kazi hii. Mama atie alama ndogo anayoijua mwenyewe kila mwezi.

Siku ya kwenda kliniki achukue kitambulisho. Bima ya Linda Mama iliyokuwako zamani haiko tena. Tangu Oktoba 2024 mambo hayo yamo katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na asiyejiandikisha afanye hivyo mapema kabla ya kufika siku ya kuzaa. Kliniki humpa kijitabu cha mama na mtoto, ambacho asikiache nyumbani aendapo safari, na chandarua chenye dawa. Chandarua hicho kitundikwe juu ya kitanda cha mama usiku ule ule. Hakikutolewa kwa ajili ya kuvulia omena wala kuzungushia vifaranga.